Konokono wa maji baridi: mwongozo wa kumtafuta, kumtambua na kumfuga kwa kufuata pumzi yake

Jaza maji ya bwawa kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia konokono wawili uliowaokota sehemu moja, kisha kaa uangalie. Baada ya muda mmoja anapanda kioo mpaka juu, anagusa uso wa maji kwa ubavu wake, na hapo kwenye ubavu kinafunguka kitundu cha duara kinachotosha kupitisha ncha ya sindano. Anavuta hewa. Akimaliza kitundu kinajifunga, naye anashuka polepole. Mwenzake yuko chini, nusu ya mwili imezama kwenye mchanga, na hata ukikesha hutamwona akipanda. Huyo wa kwanza ana pafu. Wa pili ana matamvua, kama samaki.

Miongozo mingi huanza na umbo la gamba. Mimi naanza na pumzi, kwa sababu ukishajua konokono anapumuaje umeshajua pa kumtafuta, jinsi atakavyostahimili ukame, maji ya namna gani yatamuua chupani, na kwa kiasi kikubwa kama ni wa kumshika kwa tahadhari. Gamba hudanganya. Mpelelezi Mwingereza aliyepitia Ziwa Tanganyika mwaka 1858, John Speke, alirudi Uingereza na magamba yaliyofanana sana na ya baharini, na miongo kadhaa baadaye wakapatikana wataalamu waliodai ziwa lile liliwahi kuungana na bahari. Haikuwa hivyo. Konokono wale walijijengea magamba mazito na yenye miiba humo humo ziwani, pamoja na kaa wanaojua kuyavunja.

Kabla hujagusa maji

Sehemu hii usiiruke. Katika nchi za joto, bwawa lenye konokono laweza kuwa bwawa lenye kichocho. Lava wa kichocho, yaani serkaria, hahitaji kidonda ili aingie mwilini: anatoboa ngozi nzima, na anafanya hivyo kwa dakika chache tu. Hutamwona, na pengine hutahisi kitu.

Kwa hiyo vaa mabuti ya mpira yanayofika magotini na glavu ndefu za mpira, na tumia chombo chenye mpini mrefu ili mikono isizame. Usiingie kwenye maji yanayozidi urefu wa buti. Watu husema asubuhi na mapema ni salama. Ni kweli kwamba serkaria wa kichocho wa Afrika kwa kawaida hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, karibu na mchana, lakini "wachache" si sawa na "hakuna". Maji yakikurukia, jifute papo hapo kwa taulo kavu, kwa nguvu. Kujifuta si kinga ya kutegemea, ila ni bora kuliko kuacha ngozi ikauke yenyewe. Halafu wiki sita hadi nane baadaye nenda ukapime mkojo na choo. Dawa ipo, prazikwanteli, ila huua minyoo iliyokomaa na si ile michanga, ndiyo maana kuimeza siku hiyo hiyo hakusaidii sana.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali

Konokono wa pafu hapendi mkondo. Kipimo rahisi: tupa jani juu ya maji na uhesabu. Likivuka mita moja kabla hujafika tatu, maji yanakimbia zaidi ya sentimita 30 kwa sekunde, na hapo usipoteze muda. Nenda kwenye vidimbwi vya pembeni, mifereji ya umwagiliaji iliyojaa nyasi, kingo za mabwawa, na mahali ambapo mto umepinda na kuacha maji yaliyotulia.

Ukishafika, geuza vitu. Chini ya jani la yungiyungi, kwenye mizizi ya magugumaji, chini ya kipande cha ubao kilichooza, hata ndani ya mfuko wa plastiki uliozama: popote penye utelezi wa kijani ndipo penye chakula chake. Konokono wengi wa maji baridi hawali majani mabichi kama wale wa bustani. Hukwangua mwani na vitu vinavyooza kwa ulimi uliojaa safu za meno madogo mno. Siku nyingine angalia kioo cha chupa kilichoota ukijani. Mahali konokono alipopita utaona vijistari vilivyopangana kama alama za fagio kwenye uwanja wa mchanga.

Wa matamvua watafute kwenye mchanga, tope na chini ya mawe, na hata kwenye mkondo kiasi, kwa sababu maji yanayotembea yana oksijeni nyingi. Mpaka huu si ukuta, lakini. Biomphalaria, ambaye ni wa pafu, hupatikana kwenye kina cha mita kadhaa ndani ya Ziwa Victoria, mbali na hewa. Damu yake ina himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni, kama yetu, na ana kijikunjo cha ngozi kinachofanya kazi ya tamvua, basi aweza kuishi kwa oksijeni ya majini.

Mambo mawili zaidi huamua. La kwanza ni chokaa. Maji laini yenye asidi hutoa konokono wachache, magamba yao ni membamba, na ncha zimelika hadi kuwa nyeupe. La pili ni joto. Wengi hustawi kati ya nyuzi 22 na 28 za selsiasi. Maji yakipanda juu ya 30 kwa muda mrefu utagaji hupungua, ingawa mtu angedhani joto zaidi ni konokono zaidi. Mvua kubwa nayo huwasomba, kwa hiyo ukienda siku mbili baada ya mafuriko usishangae kukuta patupu. Rudi baada ya wiki kadhaa.

Hatua ya pili: kuvua kwa hesabu

Chombo ni chekeche la waya lenye matundu ya milimita mbili hivi, lililofungwa kwenye mpini wa mita moja na nusu. Lipitishe chini ya mimea, ukiikung'uta ukielekea juu. Ukilipitisha kwa haraka, konokono wa pafu hutoa kibubujiko cha hewa na kudondoka chini kama jiwe. Ni ujanja wao wa kukimbia. Mwaga ulichopata kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo na usubiri dakika tano. Vitu ulivyodhani ni punje za mchanga vitaanza kutembea.

Vua kwa dakika zilezile kila safari, tuseme 15, na ikiwezekana mtu awe yuleyule, kwani macho na mikono hutofautiana. Bila hivyo, konokono 40 wa mwezi huu na 12 wa mwezi ujao hawakuambii chochote. Andika tarehe, saa, joto la maji, mimea iliyokuwapo, na wanyama wengine uliowaona. Na ukikosa, andika sifuri. Daftari lisilo na sifuri hata moja silo la kuaminika.

Hatua ya tatu: kumtambua

Shika konokono aliye hai. Gamba tupu si ushahidi kamili, kwani huelea na kusafiri mbali na alikoishi mwenyewe.

Kwanza mtibue kidogo ajikunje ndani. Je, mlango umejifunga kwa kifuniko kigumu? Kama ndiyo, ni wa ukoo wa matamvua. Kama umebaki wazi na unaona nyama tu, ni wa pafu.

Kisha liinue gamba, ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama. Mlango uko kulia au kushoto? Baada ya hapo angalia umbo, na mwisho mrudishe majini umwache atoe pembe zake.

Sasa tuwapange. Wasio na kifuniko ndio wanaosumbua. Gamba lililolala bapa kama kamba iliyoviringishwa, na mnyama mwenye pembe nyembamba ndefu, huyo ni Biomphalaria au jamaa zake, na ndiye mwenyeji wa kichocho cha utumbo. Gamba lenye ncha na mlango wa kushoto laweza kuwa Bulinus, mwenyeji wa kichocho cha mkojo. Gamba jembamba lenye mlango mkubwa wa kulia, na pembe bapa za pembetatu kama masikio ya paka, ni wa ukoo wa Lymnaea, anayebeba minyoo ya ini ya ng'ombe na kondoo.

Nimesema "laweza kuwa Bulinus" kwa sababu hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Physa naye ana mlango wa kushoto, pembe nyembamba, na ukubwa uleule. Asili yake ni Amerika Kaskazini, ila amesambaa dunia nzima, na mara nyingi hukutwa karibu na miji na kwenye maji machafu. Nilijaza daftari zima jina la Bulinus kabla mtu mmoja hajanionyesha tofauti. Gamba la Physa linang'aa kama limepakwa mafuta. Akitembea, vidole vidogo vya ngozi hutoka ukingoni mwa gamba na kulikumbatia kwa nje. Na ukimponda (kwa glavu, tafadhali), damu yake haina rangi, ilhali ya Bulinus ni nyekundu. Hiyo tena ni himoglobini, na ndiyo inayomwezesha Bulinus kukaa kwenye dimbwi lililokaribia kukosa hewa.

Wenye kifuniko ni rahisi zaidi. Mrefu mwembamba kama msumari wa parafujo ni Melanoides. Mkubwa wa duara, karibu na ngumi ya mtoto, mwenye mlango wa kulia, ni Pila, ama Pomacea ikiwa ni wa asili ya Amerika. Wa duara mwenye mlango wa kushoto lakini ana kifuniko ni Lanistes, na hicho kifuniko ndicho kitakachokuzuia kumwita Bulinus. Kule Ziwa Tanganyika kuna Neothauma, ambaye magamba yake matupu hulala kwa wingi chini ya ziwa, na samaki wadogo wa sikilidi huyageuza nyumba za kutagia.

Pila anastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu anaivuruga kanuni yangu: ana tamvua upande mmoja na pafu upande wa pili. Maji yakiwa safi hutumia tamvua. Yakichafuka, anakunja ngozi ya shingo ikawa mrija, anauchomoza juu ya maji na kuanza kupampu, mwili mzima ukiingia na kutoka kama mvuto wa mhunzi. Na bado unaweza kusoma makazi yake kutokana na pumzi: yuko kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga, mahali panapojaa na kukauka.

Hatua ya nne: kupima kwa mwanga kabla ya kufuga

Usimpeleke konokono wa pafu nyumbani bila hatua hii.

Yai la kichocho likifika majini kupitia mkojo au choo hutotoa mirasidia, kijidudu chenye nywele kinachoogelea kwa saa chache tu kikimtafuta konokono wake. Kikimpata kinaingia na kuanza kujigawa. Wiki nne hadi sita baadaye konokono huyo anaanza kumwaga serkaria, kila siku, na kutoka kwa mirasidia mmoja huzaliwa maelfu. Konokono hulipa kwa uzazi wake: utagaji hupungua sana au hukoma kabisa. Kwamba konokono ndiye kiungo haikujulikana mapema. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wenyewe Cairo mwaka 1851, lakini ilichukua zaidi ya miaka 60, hadi Miyairi na Suzuki kule Japani mwaka 1913 na Robert Leiper kule Misri mwaka 1915, kwa njia ya konokono kuthibitishwa. Yule wa Asia, Oncomelania, ana kifuniko. Kwa hiyo kanuni ya "wasio na kifuniko ndio wa kichocho" ni ya Afrika na Amerika. Usiihamishe bila kufikiri.

Fanya hivi asubuhi. Weka kila konokono peke yake kwenye kikombe kidogo cha kioo chenye mililita 10 hivi za maji yasiyo na klorini. Viweke vikombe kwenye mwanga mkali, lakini si juani moja kwa moja, maana maji machache hivyo hupata moto haraka na kumuua. Subiri saa mbili hadi nne. Kisha inua kikombe mbele ya kitambaa cheusi, mwanga ukitoka ubavuni, na utazame kwa lenzi. Serkaria huonekana kama vijidoa vyeupe vinavyopanda kwa kusukasuka, vinatulia, vinashuka, vinapanda tena. Chini ya hadubini, wa kichocho wana mkia uliogawanyika mwishoni kama panda ya manati. Ila mkia wa panda peke yake hauthibitishi kichocho cha binadamu. Wapo wa ng'ombe, wapo wa ndege. Kutofautisha ni kazi ya maabara.

Ukikuta maji matupu, usishangilie. Konokono aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita bado hajaanza kumwaga. Rudia kila wiki kwa wiki sita hivi, na muda huo wote mshike kwa glavu. Anayemwaga, mmwagie maji yanayochemka pamoja na kikombe chake. Hata bwawa lenye kichocho kweli, wanaomwaga siku moja huwa wachache kati ya wengi, na hao wachache wanatosha.

Hatua ya tano: kufuga na kutazama mayai

Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini iondoke. Yasipite kwenye chombo cha shaba, kwani shaba ni sumu kali kwa konokono hata ikiwa kidogo. Konokono wadogo watano kwa lita moja wanatosha. Walishe jani la saladi lililochemshwa kidogo, na toa mabaki siku inayofuata, sababu kinachoua konokono wengi wa chupani si njaa, ni chakula kinachooza. Tia kipande cha ganda la yai kwa ajili ya chokaa. Badili theluthi ya maji kila wiki. Funika kwa kitambaa chenye matundu na ukifunge kwa mpira: niliwahi kuacha chupa wazi usiku mmoja, nikawakuta wanne nyuma ya rafu, wamekauka.

Baada ya siku chache utaona kwenye kioo au chini ya jani kibandiko bapa cha ute kilichojaa vitone. Ni mayai ya Biomphalaria au Bulinus, kutoka machache hadi makumi. Ya Lymnaea ni ute mrefu kama soseji ndogo. Acha kioo kiwe dirisha lako. Siku ya pili au ya tatu, kwa lenzi, utaona kiinitete kikizunguka taratibu ndani ya yai, kinazunguka tu bila kuchoka. Baadaye linakuja gamba lenye uwazi, na ndani yake moyo unaodunda. Kwenye nyuzi 25 hutoka baada ya wiki moja hadi siku kumi, nao wataanza kutaga wakiwa na mwezi mmoja na nusu hivi.

Konokono wa pafu ni huntha, kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Hupendelea kupandana, lakini akiwa peke yake aweza kujitungisha mwenyewe. Maana yake ni kwamba dimbwi likibakiwa na mmoja tu, laweza kujaa tena. Melanoides amekwenda mbali zaidi: majike huzaa bila dume, tena hawatagi, hubeba watoto kwenye mfuko ulio nyuma ya kichwa na kuwatoa wakiwa na magamba yao. Ukitia mmoja kwenye tangi la samaki utakuja kunikumbuka. Pila hutaga mayai meupe kwenye udongo wenye unyevu juu ya maji. Ya Pomacea ni ya waridi, yamegandamana kwenye shina la mmea, nje ya maji kabisa.

Hatua ya sita: jaribio la ukame

Hili ndilo nilipendalo. Dimbwi likishakauka na tope kupasuka, chimba bonge la udongo kutoka mahali palipokuwa na mimea, sentimita chache tu kwenda chini, ulitie kwenye beseni na kulifunika kwa maji yasiyo na klorini. Usilivunje. Acha usiku upite. Bulinus aliyejikunja ndani kabisa ya gamba lake kwa miezi kadhaa anaweza kutokea kesho yake, mwepesi na dhaifu, akielekea juu kutafuta hewa. Pila hufunga kifuniko na kusubiri hivyo hivyo. Wengi katika bonge hilo watakuwa wamekufa, na hesabu yao nayo iandikwe. Glavu bado ziko mikononi, kwani baadhi ya maambukizi hulala pamoja na mwenyeji wake.

Kabla hujafikiria kuwaangamiza

Mtu akishajua habari za kichocho, swali linalofuata ni sumu gani itumike. Niklosamidi huua konokono vizuri, na huua samaki vilevile. Mwaka 1964 Aklilu Lemma aliona kule Adwa, Ethiopia, konokono waliokufa chini kidogo ya mahali wanawake walipokuwa wakifulia kwa matunda ya endodi, mmea wenye povu kama la sabuni, na huko ndiko utafiti mrefu wa mmea huo ulikoanzia. Lakini kumbuka huntha anayejitungisha mwenyewe: ukibakiza wachache, hujamaliza kazi.

Walaji wao nao wahesabiwe: bata, ruba, korongo domo-wazi anayemchokoa Pila ndani ya gamba, na kamba wa mtoni. Bwawa la Diama kwenye mto Senegal lilipokamilika mwaka 1986, lilizuia maji ya chumvi kupanda, likawakatia kamba njia ya kwenda kuzaa karibu na bahari. Konokono waliongezeka, na mwaka 1988 kichocho cha utumbo kikalipuka Richard-Toll, mji wa Senegal ulio kando ya mto huo. Na usimwage konokono wa tangi mtoni. Pomacea alipelekwa Asia kuanzia miaka ya 1980 hivi akafugwe kwa chakula, akatoroka, na sasa anakata miche ya mpunga. Wakila konokono wa maji kwenu, wapikwe hadi waive kabisa, kwa kuwa baadhi hubeba mnyoo unaoweza kufika kwenye ubongo.

Kuhifadhi sampuli

Konokono akitupwa moja kwa moja kwenye spiriti hujikunja, na hutaona tena pembe wala ngozi. Mlegeze kwanza: mwache usiku mzima kwenye maji yenye punje chache za mentholi, na asubuhi mguse kwa kibano. Asipojikunja, mhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70, au ya 95 kwenda juu ikiwa kuna maabara itakayotaka vinasaba vyake. Wenye kifuniko uwatie ufa mdogo kwenye gamba, la sivyo ethanoli haifiki ndani na nyama huoza. Karatasi ya maelezo itie ndani ya chupa pamoja na konokono, wala usiibandike nje inapoweza kubanduka, na uiandike kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli, na mwaka mmoja baadaye utakuwa na chupa ya kioevu cha buluu na konokono asiyejulikana alikotoka.